Nani Anashika Daftari?

Makala za kwanza kutufikia kwa ajili ya toleo hili zilianza na kilio kilekile: ada ya huduma katika majengo ya fleti imepanda. Mwandishi mmoja anataka Bunge liweke kiwango cha juu. Mwingine anataka ada ifutwe kabisa, kana kwamba lifti hupanda kwa dua. Hakuna aliyeuliza pesa hizo zinaingia akaunti ya nani, nani anatia sahihi kwenye hundi, na mwenye nyumba akitaka kuona risiti ya mafuta ya jenereta amwendee nani. Kwa kuwa nafasi hii ni yangu, nauliza mimi.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ilipoanza kutumika nchini Kenya tarehe 28 Desemba 2020 na kuifuta ile ya 1987, wengi tulishangilia kwamba enzi ya hati mama, ile hati moja ya ardhi yote ya jengo, imekwisha. Kifungu cha 13 kilitoa miaka miwili, mikataba ya zamani ya kukodi kwa muda mrefu igeuzwe kuwa hati za sehemu. Muda huo uliisha Desemba 2022. Pita Kilimani, Kileleshwa au Nyali ukaulize kilichofanyika. Wengi watakutolea mkataba uleule wa zamani na cheti cha hisa moja katika kampuni ya usimamizi, basi.

Na uozo uko kwenye kampuni hiyo. Mstawishaji huahidi kuikabidhi ardhi na maeneo ya pamoja nyumba ya mwisho ikishauzwa. Nyumba ya mwisho nayo ina tabia ya kutouzika. Mstawishaji hubaki na moja au mbili, au huziandikisha kwa jina la shemeji, na muda wote huo yeye ndiye anayeteua wakurugenzi. Wakurugenzi huteua wakala wa kusimamia jengo, na wakala, ukichunguza, mara nyingi ni ofisi ya pili ya mstawishaji yuleyule. Wenye nyumba, waliolipa mamilioni, huitwa mara moja kwa mwaka wakae kwenye viti vya plastiki katika maegesho ya chini, wasomewe hesabu. Ninayo karatasi moja ya hesabu za aina hiyo, ya jengo nisilolitaja. Ni ukurasa mmoja, hauna jina la mkaguzi, na mstari ulioandikwa "Mengineyo" umezidi ulinzi, lifti na jenereta kwa pamoja. Mama mmoja aliyeinua mkono kuuliza aliambiwa muda umekwisha na chai iko tayari. Mpunguzie mama huyo ada kwa nusu. Bado hatajua nusu iliyobaki inakwenda wapi.

Kinachoniudhi ni kwamba sheria haimngoji mstawishaji. Mwenye nyumba mwenyewe, au kampuni ya usimamizi, anaweza kuomba ugeuzaji. Mstawishaji akikataa kutoa hati mama, au asipopatikana, msajili wa ardhi ana mamlaka ya kuendelea bila hati hiyo, na anaweza kuweka zuio ili isifanyiwe jambo lingine lolote. Ramani ya sehemu ikishasajiliwa, shirika la wamiliki huzaliwa papo hapo, na kila mwenye nyumba ni mwanachama apende asipende. Sioni kifungu chenye makali kuliko hiki cha ugeuzaji katika sheria nzima, na kinapata kutu. Mpima ardhi hulipwa, benki iliyotoa mkopo ina masharti yake, jirani wa ghorofa ya tatu yuko Doha na hapokei simu. Wakili anayewatetea wastawishaji katika kurasa zetu anasema hayo yote ni uzembe wa wamiliki. Ana haki kidogo. Ila mtu aliyenyimwa hesabu mwaka baada ya mwaka hawezi kuchangia ada ya mpima kwa moyo mkunjufu, na anayemnyima anajua hivyo.

Kuhusu kuwakatia maji wasiolipa ada nitasema kwa ufupi kwa sababu sioni cha kubishania. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Ada isiyolipwa ni deni, na deni hudaiwa mahakamani. Wakala anayefunga koki ya nyumba yenye watoto, au anayemwagiza askari wa geti amzuie mwenye nyumba kuingia kwake, amejipa kazi ya hakimu.

Kuna wanaoamini kwamba mstawishaji akiondoka, mambo yatanyooka yenyewe. Hao wasome makala ya Florida. Katika mtaa wa The Hammocks, Miami-Dade, waliokamatwa Novemba 2022 kwa tuhuma za kuiba zaidi ya dola milioni 2 za chama cha wenye nyumba hawakuwa wastawishaji. Miongoni mwao walikuwamo viongozi waliotoka kwa wenye nyumba wenyewe. Fisi wa kuchaguliwa kwa kura bado hapewi bucha. Bunge la jimbo lilijibu kwa sheria za 2023 na 2024, na ya pili inavitaka vyama vyenye viwanja 100 au zaidi kuweka kumbukumbu zao kwenye tovuti: bajeti, mikataba, kanuni. Ningetaka wabunge wetu waazime hilo kabla ya kugusa ada. Maana jimbo hilohilo lina Surfside, ambako mhandisi alionya mwaka 2018 juu ya uharibifu mkubwa wa zege la jengo la fleti, wenye nyumba wakavutana kuhusu mchango wa ukarabati, na jengo likaanguka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Wanaotaka ada ifutwe hawajaitaja Surfside hata kwa bahati mbaya.

Makala ya Dar es Salaam juu ya sheria ya Tanzania ya 2008 ni nzuri na ingestahili kurasa zaidi. Ile ya mbwa katika fleti tumeichapisha kwa sababu mwandishi wake hakuacha kupiga simu. Na wakili wa wastawishaji, ambaye hatukumpunguzia hata sentensi, ameomba nafasi ya kunijibu katika toleo lijalo. Anakaribishwa, aambatanishe hesabu zilizokaguliwa za jengo lolote moja la mteja wake.