Tungule mbichi na wino mwekundu

Mwishoni mwa muhula uliopita binti yangu alirejea nyumbani, hapa Kisauni, na daftari lake la insha, akaliweka mezani bila ya kusema neno. Mada waliyopewa ilikuwa chakula alichokipika mtoto wakati wa likizo. Yeye alikuwa amekwenda kwa nyanyake Likoni, na huko wakapika pamoja tungule mbichi za kukaanga, wakazichanganya na jibini ya kutengeneza nyumbani. Basi hayo ndiyo aliyoyaandika.

Kila palipokuwa na neno tungule, mwalimu alikuwa amelikata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake: nyanya. Palikuwa na tungule nane, na kwa kila moja mtoto alipunguziwa nusu alama. Baada ya masahihisho hayo, sentensi aliyoitunga kwa uangalifu ikasomeka hivi: “Nilimsaidia nyanya kukata nyanya, kisha nyanya akazitia chumvi.” Msomaji mpenzi, sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Walakini aliyeiandika mwanzo hakuwa na haja ya kumfanya mtu asite na kujiuliza nani anakatwa na nani anatiwa chumvi. Lugha yake ilikuwa imempa maneno mawili kwa vitu viwili. Mwalimu alimnyang'anya moja.

Kabla sijaendelea na shauri hili, ni haki nieleze chakula chenyewe, maana pasipo chakula hakuna insha.

Tungule mbichi huku kwetu ni nyingi na hazina mwenyewe. Soko la Kongowea hupokea tungule kutoka Taveta, Loitokitok na hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Nyingi huchumwa kabla ya kuiva sawasawa ili zistahimili safari katika makreti. Zinapopangwa mafungu, mnunuzi hunyosha mkono kwenye zile nyekundu, na zile za kijani zilizo ngumu kama jiwe husukumwa kando. Mwuzaji akikuona umeziulizia hukupunguzia bei, pengine na kukucheka. Nilizinunua fungu mbili, nikavuka feri, nikampelekea mama.

Mapishi haya niliyasikia kwa mwenzangu wa kazi aliyesoma Marekani. Huko, hususan majimbo ya kusini, ni chakula mashuhuri, na kilivuma zaidi baada ya mwandishi Fannie Flagg kukitaja katika jina la riwaya yake ya mwaka 1987, iliyotengenezewa filamu mwaka 1991. Tungule hukatwa mapande mazito kiasi cha nusu ya upana wa kidole, zikatiwa chumvi na kuachwa robo saa zitoe maji. Kisha hupanguswa, zikachovywa katika yai lililopigwapigwa, zikagaragazwa katika unga wa mahindi uliochanganywa na pilipili manga, zikakaangwa kwa mafuta ya moto hadi zigeuke rangi ya dhahabu. Sahani huandaliwa kwa vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi, dania, pilipili mbichi na ndimu, yaani kachumbari tuijuayo sote isipokuwa haina tungule nyekundu. Tungule za moto hupangwa juu yake, na jibini ikavunjwavunjwa juu ya hizo.

Jibini ndiyo iliyozua mjadala. Nilimweleza mama kuwa tutachemsha lita moja ya maziwa, tuyatie maji ya ndimu mbili, yakatike. Mama alinitazama kama mtu aliyepotewa na akili.

“Mwanangu, maziwa mazima wayakata kwa makusudi? Hiyo ndiyo kazi wafundishayo Chuo Kikuu?”

Maisha yake yote maziwa kukatika yamekuwa ni hasara. Lakini mjukuu wake alikuwa amekwisha kukamua ndimu, basi akaridhia. Maziwa yalipokatika na mabonge meupe kujitenga na maji, mama hakungoja maelezo yangu tena. Alikwenda jikoni akatwaa kifumbu chake cha kuchujia tui, akakiosha, akamimina, akakamua kwa mikono iliyofanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka sitini. Kikabaki kiasi cha ngumi moja. Akakitia chumvi, akaonja, akasema: “Kumbe ni machicha ya maziwa!”

Mimi nina shahada ya uzamifu katika taaluma ya lugha. Nilikuwa nimejiuliza njia nzima tangu Kisauni hadi kivukoni kitu hiki nitakiitaje kwa Kiswahili kitakachoeleweka. Jibini ni neno zuri, tumelipata kwa Waarabu, lakini madukani hulisikii. Huko ni chizi, na chizi aijuayo mtoto ni ile ngumu ya rangi ya manjano iliyofungwa katika karatasi. Hii nyingine, laini na ya siku hiyo hiyo, haikuwa na jina nyumbani kwetu. Mama alilipata kwa kitambo cha kuonja. Nilimpinga kidogo, nikasema kuwa machicha ya nazi hutupiwa kuku, ilhali hapa machicha ndiyo yaliwayo na tui ndilo limwagwalo. “Nani kakwambia lamwagwa?” akanijibu, na yale maji ya maziwa akayakandia unga wa chapati za jioni.

Binti yangu alikuwapo, akiyasikia yote hayo. Alijifunza siku ile kitu ambacho mimi huwafundisha vijana wa mwaka wa pili kwa wiki tatu: kwamba mtu hupata neno jipya kwa kutazama kitu kipya na kukilinganisha na akijuacho. Kisha akaenda skuli akajifunza kwamba neno la nyanyake ni kosa.

Tutafakari neno jingine lililokuwamo katika insha ile, ambalo mwalimu, nashukuru, hakuligusa. Tungule mbichi. Kiswahili hutumia mbichi kwa tunda ambalo halijaiva na kwa chakula ambacho hakijapikwa. Vivyo hivyo kuiva: embe huiva mtini na wali huiva chunguni. Lugha nyingine huweka ukuta baina ya kazi ya jua na kazi ya moto; yetu huona kuwa ni kazi moja. Kwa hiyo tungule iliyochumwa mbichi ikakaangwa, kwetu sisi imeiva, nalo jambo ambalo jua halikuliwahi, jiko limelitimiza. Mtoto aliandika: “Tungule mbichi zikaiva.” Katika maneno matatu amesema jambo ambalo mfasiri angelihitaji sentensi nzima kulieleza.

Ama kuhusu tungule lenyewe, si neno la vichochoroni. Limo katika kamusi kubwa za Kiswahili. Hutumika Mvita, hutumika Unguja na Pemba. Mmea huu asili yake ni Amerika, na mataifa mengi ya Ulaya yalilichukua jina lake pamoja na tunda, kutoka tomatl katika lugha ya Kinahuatl ya Meksiko. Waswahili hawakufanya hivyo. Nanasi tulilipokea na jina lake la kigeni, na mahindi tukayapa jina la Bara Hindi ingawa hayakutoka huko. Tungule tuliita kwa jina letu, jina ambalo kwa sikio la Mswahili lina mlio wa udugu na tunguja, tunda la mwitu la jamaa ile ile ya mimea.

Ni mwaka 1928, tena mkutano ulifanyika papa hapa Mombasa, ulipopitishwa uamuzi kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Watu wa Mvita wamelalamika tangu hapo. Mimi si mmoja wa wanaotaka kuirudisha nyuma saa. Lugha sanifu ndiyo iwezeshayo gazeti moja kusomwa Lamu na Kisumu, na asiyeona faida hiyo hajapata kusafiri. Lakini hebu tazama kioja: hata Kiunguja chenyewe husema tungule. Wino ule mwekundu, basi, haukuwa wa Kiswahili sanifu. Ulikuwa wa mazoea, yaani lile neno lililomo katika kitabu cha kiada, na hofu ya lile ambalo halimo.

Nasema hofu kwa sababu nimeisikia kwa masikio yangu. Siku chache baada ya daftari lile nilikutana na mwalimu mwenyewe Kongowea, asubuhi na mapema. Ni mzaliwa wa papa hapa Kisauni. Kabla hajaniona nilimsikia akimwuliza mama mmoja: “Tungule hizi fungu ngapi?” Tulipotazamana tukacheka sote wawili, naye akacheka zaidi. Kisha akaacha kucheka akaniambia: “Dakta, mimi nina watoto hamsini na wanne darasani. Karatasi zao za mtihani wa taifa sitazisahihisha mimi. Atazisahihisha mtu asiyepata kuisikia tungule. Nimwache mwanao apoteze alama huko, au nimpunguzie mimi hapa ajifunze?”

Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kujidai kuwa nilikuwa nalo. Mtu huyu anawapenda wanafunzi wake. Anawakinga na hukumu ya mtu wa mbali kwa kuwahukumu yeye kwanza. Lakini matokeo yake ni kwamba mwalimu Mswahili, mzaliwa wa Kisauni, anamfundisha mtoto Mswahili kwamba neno la sokoni na jikoni kwao haliwezi kuingia darasani. Mtoto akilishika somo hilo sawasawa, hatakoma kwenye tungule. Ataacha kifumbu, ataacha machicha, na mwishowe ataona hana haja ya kumsikiliza nyanyake, maana huyo husema makosa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaitaka Serikali ikuze na kuilinda anuwai ya lugha za wananchi. Mambo hayo mawili hayapingani. Ninaloliomba ni dogo na halina gharama. Wanaotunga miongozo ya kusahihisha mitihani waweke kanuni moja iliyo wazi: neno lolote lililomo katika kamusi inayokubalika lisikatiwe alama, hata kama msahihishaji hakulizoea. Na wanaoandika vitabu vya kiada, wakifika kwenye sura ya matunda na mboga, wataje tungule kando ya nyanya. Mtoto wa Kitui atapata neno la pili, na mtoto wa Likoni hatalipoteza lake la kwanza.

Wako watakaosema kuwa yapo mambo mazito zaidi ya tungule. Ni kweli. Lakini mtoto haanzi kuionea haya lugha yake kwa mambo mazito. Huanzia kwenye vitu vidogo avishikavyo kila siku, chakula kikiwa cha kwanza.

Binti yangu ameniuliza aandike vipi siku nyingine. Nimemwambia aandike tungule, na mara ya kwanza tu aongeze maneno haya: yaani nyanya. Hapo msahihishaji wa mbali ataelewa, na mwalimu wake wa karibu hatakuwa na la kuogopa. Akaniuliza tena kama na machicha ya maziwa aandike hivyo hivyo, aongeze yaani jibini. Nikamwambia ndiyo.

Jumapili tunavuka tena kwenda Likoni. Mama ametuma salamu kwamba tungule mbichi amekwisha kuzipata yeye mwenyewe, na kwamba mimi nije na lita mbili za maziwa, maana ile moja ilikuwa haba.