«Mashini ndiyo imesema»: muombe kwanza fomula

Ndugu wachimbaji wa Kailo, Kalima na Punia, na nyinyi mama na papa munaongoja mushahara nyumbani, siku hizi kilo zetu za kasiterite zinahesabiwa zaidi na zaidi mu ordinateri. Unapeleka mifuko, wanapima, karani anaandika namba, kiisha karatasi inatoka na jumla. Ukiuliza kwa nini kilo zimepunguka, jibu ni moja: «Mashini ndiyo imesema.»

Mimi ninasema: mashini haikusema kitu. Mutu aliandikia mashini amri, nayo inatii tu. Ile amri inaitwa fomula, na mwenye jasho iko na haki ya kuiona.

Tuchukue hesabu. Mifuko 25, kila mumoja kilo 47,6. Jumla ni kilo 1 190. Lakini mu Excel ya Kifaransa kuko amri moja, ARRONDI.INF, inayoweza kukata kila kitu kinachofuata vergule. Kama wameiweka kwa kila mufuko, 47,6 inakuwa 47, na jumla inakuwa 1 175. Kilo 15 zimekwenda, na hakuna mutu aliyegusa mizani. Bei ya kilo unaijua wewe mwenyewe. Hesabu hapo minerval ya watoto. Kama ni lazima kukata, wakate mara moja tu, kwa jumla ya mwisho.

Mutego wa pili ni mudogo zaidi. Excel ya Kifaransa inataka vergule. Karani mwenye haraka akiandika 47.60 na nukta, mashini inaweza kuichukua sawa neno, si namba. Na SOMME inaruka maneno bila kulalamika. Mifuko tatu ikiandikwa vile, kilo 142,8 hazimo mu jumla. Dawa yake ni nyepesi. Namba za kweli zinajipanga upande wa kuume wa kisanduku, maneno upande wa kushoto. Tena, andika pembeni =NB(B2:B26). Ile inahesabu namba ziko ngapi. Ulileta mifuko 25 na yenyewe inasema 22? Simamisha malipo, mutafute tatu zilizobaki.

Watu wanaoandika programu kila siku wako na desturi nzuri tunazoweza kukopa. Ya kwanza: wanajaribu amri na hesabu ndogo wanayojua jibu lake. Weka mifuko mbili ya kilo 10. Kama haitoi 20, kuko kitu. Ya pili: hawafichi namba ndani ya fomula. Wakitoa asilimia 2 juu ya maji, ile 0,02 ikae mu kisanduku chake, na jina juu yake, kila mutu aione. Vilevile teneri na bei. Ya tatu: hawafuti kazi ya jana, wanachunga kopi na tarehe. Mutu akibadilisha kitu, inajulikana ni siku gani.

Wengine watasema: wewe unatukana makarani. Hapana. Karani pia anaumia, juu wachimbaji wanamurudilia yeye na hasira, wakati fomula iliandikwa na mutu mwingine asiyefika hata siku moja mu carrière. Fomula ikiwa wazi, inamulinda na yeye.

Wengine watasema haya ni mambo ya wazungu waliosoma. Basi muone Uingereza. Kule Post Office iliweka mashini ya hesabu inayoitwa Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walihukumiwa, juu mashini ilionyesha feza zimepunguka mu ofisi zao. Wengine waliingia gereza, wengine walipoteza nyumba. Walilia kama hawakuiba, lakini waliambiwa mashini iko sawa. Alan Bates na wenzake, wote pamoja watu 555, walipaswa kwenda tribunali, na mu Desemba 2019 juge akasema mashini ilikuwa na makosa. Sheria ya kufuta zile hukumu ilipita mu 2024 tu. Kama waliteseka vile mu nchi yenye avoka kila kona, sisi tutaponea wapi?

Code du Travail yetu ya 2002 inalazimisha mwajiri amupatie mufanyakazi décompte ya maandishi kila anapomulipa. Muchimbaji wa koperative hana mwajiri wa vile, lakini akili ni ileile. Kwa hiyo tuombe mambo tatu. Karatasi ya kila mufuko ionyeshe kilo ya mizani, kila kitu kilichotolewa, na namna ya hesabu. Kila koperative na kila delegasyo ya sindika ichague mutu mumoja wa kujifunza zile amri chache. Na watoto wetu wanaosoma informatique hapa Université de Kindu wapande mu carrière wakati wa vakanse, watufundishe. Telefone moja yenye tableur inatosha kwa kuanza.

Kwa leo, kila mutu achunge kaye yake na aandike kilo mbele ya mizani, mbele mufuko haujaondoka. Ile namba ya mukono wako ndiyo utakayoonyesha siku mashini «itasema».