Mtambo wa Akiba Nao Ukizama

Na Salim Kombo

Machi 11, 2011, tetemeko la ardhi lilipokata umeme wa gridi kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, majenereta ya dizeli ya akiba yaliwaka kama yalivyopangwa. Pampu za kupoza vinu zikaendelea na kazi. Haikupita saa moja, tsunami ikavuka ukuta wa bahari na kumwagika hadi vyumba vya chini, yalikofungwa majenereta mengi pamoja na swichi za kugawia umeme. Kati ya majenereta 13 ya kituo kizima, likabaki moja tu linalotoa umeme.

Hilo moja lilikuwa la kinu namba 6. Lilipozwa kwa hewa, hivyo halikuhitaji maji ya bahari kama mengi ya wenzake, na lilifungwa juu zaidi. Umeme wake uliokoa vinu namba 5 na 6. Kwenye vinu namba 1, 2 na 3 fueli ya nyuklia iliyeyuka, huku mafundi kwenye chumba cha udhibiti, gizani, wakiunganisha betri walizozitoa kwenye magari ili angalau mita ziwaoneshe kiwango cha maji ndani ya kinu.

Majenereta mengine yalishindwa kwa sababu yalikuwa na adui mmoja: maji.

Kosa hilo la kuacha mtambo na akiba yake mbele ya adui mmoja linarudiwa kila siku na wanaopanga mifumo ya kudhibiti pampu za maji, mitambo ya umeme na viwanda vya kemikali. Kompyuta ya pili ya kudhibiti inanunuliwa, ndugu kabisa ya ile ya kwanza. Inafungwa kabati lile lile, inakula umeme wa chanzo kile kile, inasoma sensa ile ile, na nyaya za zote mbili zinapita mtaro mmoja. Kwenye mchoro ziko mbili, na mkaguzi anaridhika. Mtaro ukijaa maji, hakuna hata moja.

Na hata zikitenganishwa kwa kuta, bado kuna programu. Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ilikuwa na vifaa viwili vya kupima mwelekeo, kimoja kikiwa kazini na kingine akiba, vyote vikiendeshwa na programu ile ile iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda pembeni. Namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, isienee. Kifaa cha akiba kilizima kwanza. Kikuu kikafuata kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita, kwa kosa lile lile. Sekunde kama 40 baada ya injini kuu kuwashwa, roketi na satelaiti zake nne zilikuwa vipande angani.

Afrika Mashariki nayo ina somo lake. Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, jenereta la akiba lilishindwa kuwaka kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, abiria wakakaa gizani. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani. Jenereta lisilozoezwa kubeba mzigo halisi halistahili kuhesabiwa kwenye mpango wowote.

Basi wahandisi wa mamlaka za maji, umeme na hospitali, mnapoandika zabuni, tajeni humo kwamba mtambo wa pili utakaa chumba kingine, juu ya kimo cha mafuriko, ukiwa na sensa zake na njia yake ya nyaya. Siku ya makabidhiano, mkandarasi azime mtambo mkuu mbele yenu, akate na umeme wa gridi, pampu zikiwa zinafanya kazi. Zisipoendelea, msitie saini.