Siku Nzima Mutrah
Safu ya BARAZANI, na Mwanakombo Ali

Januari mwaka huu, fundi cherehani mmoja wa Tanga na mkewe, mwalimu mstaafu, walikwenda Muscat kwenye harusi ya mpwa wao. Wana miaka 31 ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo wakisafiri pamoja ni msiba, hospitali au harusi. Shughuli ilipokwisha zikabaki siku mbili kabla ya ndege. Wenyeji, kwa ukarimu, wakawaandalia gari na dereva: msikiti mkuu, makumbusho, jumba la opera, ngome na maduka makubwa, vyote kwa siku moja. Mwalimu akashukuru, kisha akaomba jambo jingine. Washushwe Mutrah asubuhi, waachwe huko mpaka usiku.

Safu hii iko upande wa Mwalimu.

Kwetu, mume na mke kufunga safari kwenda mji wa ugenini kutembea tu, bila mgonjwa wala mzigo wa biashara, huhesabiwa anasa. Wachache wanaothubutu hukimbizwa kwenye ratiba kuanzia alfajiri, wakarudi na picha tele za majengo na hawajazungumza na mtu. Si haki. Watu waliolea na kusomesha wanastahili siku moja ya kuzurura taratibu, tena pamoja. Wala haidai fedha nyingi. Muscat si mji rahisi, maana riyali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu, lakini miguu hailipiwi.

Mutrah inatembeka. Ni bandari ya zamani iliyobanwa kati ya bahari na majabali makavu, kilomita chache kutoka mji mkongwe wenye kasri na ngome za Jalali na Mirani. Wawili wale walianzia soko la samaki, lililohamia jengo jipya mwaka 2017. Nguru, jodari na papa wamelazwa juu ya meza. Mnunuzi anapatana bei na huyu, kisha anampelekea mwingine kwenye meza ya pili amparie magamba na kukata vipande. Mwalimu alisimama pale muda mrefu akitazama visu vinavyokwenda.

Kisha wakaingia sokoni, kwenye vichochoro vilivyoezekwa, moshi wa ubani wa Dhofar ukiwatangulia. Hatua chache tu, Fundi akanasa kwenye duka la kofia.

Alichukua moja, akaipindua. Kofia ya Oman hudariziwa kwa mkono: vitobo vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi mpaka ukingo umekaza, na ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani. Fundi aliijua kazi ile, ni ndugu wa kofia za viua za Lamu na Unguja. Akapitisha ukucha juu ya mshono, akamnong'oneza mkewe, "Mwalimu, hebu tazama huku ndani. Hakuna fundo hata moja."

Aliyejibu ni mzee mwenye duka. "Fundo likionekana hiyo si kofia. Karibuni, kaeni." Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja mjini.

Wakakaa. Kiswahili hicho kina njia yake ndefu. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na Waomani wengi wakazaliwa na kukulia kwetu. Yalipotokea mapinduzi ya 1964, wengi walikimbia. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga nchi, nao wakarudi na lugha yao, mandazi yao na kanga zao. Mgeni anayepita mbio sokoni hasikii haya. Mzee yule aliwaeleza pia kile kishada kinachoning'inia shingoni mwa kanzu ya Kiomani, kwamba hutiwa manukato, na Fundi akakishika kana kwamba anajifunza kazi upya.

Saa saba mchana maduka yalianza kufungwa. Soko la Mutrah hupumzika mpaka kama saa kumi alasiri, na mtu mwenye ratiba huliona hilo hasara. Hawa waliswali, wakala wali na samaki, wakajinyoosha kivulini mbele ya bahari. Walipoletewa halua ya zafarani na kahawa chungu yenye iliki, Mwalimu aliona jinsi wenyeji wanavyotikisa kikombe kidogo wakishatosheka. Asiyetikisa huongezwa. Yeye aliongezwa mara tatu kabla hajatikisa, na alikunywa zote.

Na ule msikiti? Waliuendea kesho yake. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, una zulia la mita 70 kwa 60 ambalo wafumaji 600 walilifanyia kazi miaka minne. Mtu anayeishi kwa uzi na sindano hawezi kupewa robo saa mbele ya zulia kama lile. Fundi alipata asubuhi nzima.

Jioni ya Mutrah waliifuata barabara ya pwani hadi Riyam, chini ya kile chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa juu ya mwamba. Kabla ya 1970, malango ya mji wa Muscat yalifungwa saa tatu baada ya jua kutua, na aliyetembea usiku ndani ya kuta sharti ashike taa. Sasa familia nzima nzima zilikuwa zimekaa ukutani, watoto wakikimbizana. Mwalimu alivuka kwenda kununua mishkaki, ambayo huko nako huitwa hivyo hivyo. Fundi alibaki chini ya taa ya barabarani, kofia mpya gotini, akihesabu vitobo kwa ukucha, na mkewe aliporudi alimwambia asubiri kidogo, bado safu mbili.