Video za familia zisitegemee bando

Katika familia nyingi za Handeni na Korogwe, ubatizo, kipaimara, harusi na misa za shukrani hurekodiwa. Lakini video zimetawanyika: nyingine kwenye DVD zenye mikwaruzo, nyingine kwenye flashi na simu. Anayetaka kuziweka kwenye kompyuta moja, ili kila mtu nyumbani azitazame kwa simu au runinga, achague programu ipi?

Sisi tunashauri Jellyfin. Plex ni rahisi kuanza nayo, lakini inadai akaunti ya mtandaoni, na tangu Aprili 2025 kutazama video zako ukiwa mbali na nyumbani kunalipiwa. Emby nayo ilifunga msimbo wake mwaka 2018. Ndipo Desemba mwaka huo ikazaliwa Jellyfin, ambayo ni bure na msimbo wake uko wazi. Ikishawekwa, hupitisha video kwenye Wi-Fi ya nyumbani bila kula bando.

Kweli, ikigoma hakuna kampuni ya kuipigia simu. Hapo waseminari walioko likizo wasaidie familia zao.

Tukumbuke pia kwamba programu huonyesha video, haizilindi. Diski ikifa, sauti ya marehemu bibi imekwenda nayo. Basi nakala moja ibaki Handeni, nyingine ikae kwa ndugu Korogwe, na kila video iandikwe majina na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari.