Mke ana VVU, mume hana: Je, mimba inaweza kutafutwa nyumbani kwa usalama?

Kila tunapofungua simu kwenye kipindi cha afya, kuna swali moja ambalo haliulizwi hewani. Huja baadaye kwa ujumbe mfupi, mara nyingi usiku. Mke anaishi na virusi vya Ukimwi, mume hana. Wamekaa miaka kwenye ndoa wakitumia kondomu, na sasa ukweni wameanza kuhesabu misimu ya mvua iliyopita bila mjukuu. Wafanyeje wapate mtoto bila baba kuambukizwa?

Wataalamu huwaita watu hawa wenza wenye majibu tofauti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Wengi wao wako kwenye umri wa kuzaa, na wengi wana wenza wasio na maambukizi.

Jibu la kwanza ni dawa

Mwaka 2011, utafiti uliofanyika katika nchi 9, Kenya ikiwamo, ulionesha kuwa kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zilikwenda mbali zaidi: mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Hapa nchini utafiti ule wa kitaifa ulionesha kwamba kati ya watu wazima wanaotumia dawa, zaidi ya 94 katika kila 100 wamefubaza virusi. Kwa hiyo wapo wanandoa wengi ambao, wakishathibitishiwa na kipimo cha wingi wa virusi, wanaweza kutafuta mtoto kwa njia ya kawaida.

Sasa kwa nini tuzungumzie njia ya nyumbani? Kwa sababu majibu ya kipimo huweza kuchelewa, na kwa sababu hofu haiondoki kwa karatasi ya maabara peke yake. Mume aliyejilinda miaka kumi hawezi kulazimishwa kuacha kondomu kwa siku moja. Kwa wenza kama hao ipo njia ya kupandikiza mbegu nyumbani. Kisumu, nchini Kenya, watafiti waliijaribu kwa wanandoa ambao mke ana VVU na mume hana, wakaona inatekelezeka.

Maandalizi huanzia kliniki

Kabla ya lolote, wote wawili wafike kituo cha tiba na matunzo, yaani CTC. Mume apimwe upya. Wote wapimwe kaswende na magonjwa mengine ya ngono na kutibiwa yakionekana. Mke apimwe wingi wa virusi, na kama bado viko juu, ashauriwe kusubiri hadi dawa zivishushe. Njia hii inamkinga baba tu. Mtoto anakingwa na dawa anazomeza mama. Bila kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huweza kuambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya. Huduma ikitolewa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Mama aanze pia foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba.

Kisha ni kuhesabu siku. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na huishi si zaidi ya saa 24. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, siku zenye nafasi kubwa ni kati ya ya 10 na ya 14. Ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai ni dalili kwamba siku hizo zimefika. Mtaani tunaziita siku za hatari. Kwa wenza hawa ndizo siku za matumaini.

Siku hiyo, mume hutoa mbegu kwenye kikombe safi kikavu, au kwenye kondomu isiyo na dawa ya kuua mbegu. Ndani ya saa moja, huvutwa kwa bomba jipya la sindano lililotolewa sindano yake, na mke akiwa amelala huziingiza taratibu ukeni. Hubaki amelala kama nusu saa. Mafuta na sabuni visitumike, kwani huua mbegu. Siku nyingine zote kondomu inaendelea. Miezi 6 ikipita bila mimba, warudi kwa daktari.

Tahadhari kubwa: mwenye VVU akiwa ni mume, njia hii haisaidii kitu, kwa sababu virusi vimo kwenye shahawa. Hapo kinga ni mume kufubaza virusi, na mke kutumia PrEP, dawa kinga kwa asiye na maambukizi.

Fedha za nje na baba aliyesahaulika

Januari 2025, serikali ya Marekani ilisitisha misaada ya nje kwa siku 90. Ilipolegeza sharti hilo kwa huduma za VVU, mwongozo wa Februari uliruhusu PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mume asiye na maambukizi, anayetafuta mtoto na mke wake, hakuwamo kwenye orodha hiyo.

Ndipo bomba la sindano la bei ndogo linapopata uzito. Lakini lisitudanganye. Bila vipimo vya maabara na mshauri anayejua njia hii, linabaki plastiki tu. Mwanandoa wa Bahi, Chamwino au Kongwa anahitaji kliniki ambayo haitamuuliza kwa mshangao kwa nini anataka mtoto. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu wa afya atunze siri ya majibu. Haisemi popote kwamba mwenye VVU asizae.

Wenza wakiwa kimya, wengine huamua kuacha kondomu gizani na kumwachia Mungu. Ukienda CTC safari ijayo, nenda na mwenza wako na maswali mawili: virusi vyangu viko kiwango gani, na sisi tunaotaka mtoto tuanzie wapi? Mhudumu ana wajibu wa kuyajibu yote mawili.