Adui Asiyesema Hana Akili

Yamekuwa mazoea katika miji yetu ya Mlima Kenya kumwambia kijana anayetamani kuunda michezo ya video kwamba kazi hiyo ni ya hisabati peke yake. Apendaye lugha huelekezwa kwingine, na tangu mfumo mpya wa elimu uanze kumtaka mwanafunzi achague mkondo kabla ya Gredi ya 10, ushauri huo umezidi kutiwa nguvu. Nauona kuwa ushauri mbovu.

Tuutazame mchezo wa F.E.A.R., uliotolewa mwaka 2005, ambao hadi leo husifiwa kwa werevu wa askari wake. Jeff Orkin, aliyeibuni akili ya askari hao, alikuwa na programu hodari ya kuwapangia hatua. Lakini katika maelezo aliyoyatoa mwaka 2006 alifichua jambo la ajabu. Askari aliyebaki peke yake hupaza sauti kuomba msaada, ilhali hakuna utaratibu wowote uliowekwa wa kuuleta msaada huo. Mchezaji husonga mbele, akakutana na askari wengine ambao wangekuwapo tu, naye huamini kwamba ndio walioitwa. Sentensi moja imetenda ambalo programu haikulitenda! (Sisi wanaisimu tumebishana sana iwapo tuseme akili bandia, akili unde au akili mnemba, katika uwanja huu, nakiri, "bandia" linafaa kabisa.)

Mashine isiyokosa shabaha si kazi kubwa kuiunda, kwani kompyuta hujua daima mchezaji yuko wapi. Kazi ni kuunda ile inayokosea kama akoseavyo binadamu, na ambayo nia yake yasomeka. Watoto wetu walilijua hilo zamani. Mtegaji wa kitendawili, au wa ndai kama wasemavyo Wakikuyu, hasifiwi kwa fumbo lisilofumbulika na yeyote; husifiwa aachaye dalili, kisha akapewa mji.

Sasa chukulia kwamba vijana wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo Nyeri, wanaunda mchezo kuhusu vita vya msitu wa Nyandarua, vilivyoanza mwaka 1952 na ambavyo Kimathi mwenyewe alitekwa mwaka 1956. Maadui watasema lugha gani? Ofisa Mwingereza alisema Kiingereza. Askari wa King's African Rifles walikuwa na Kiswahili chao cha kambini, kilichojulikana kama Ki-KAR. Naye mlinzi wa kijiji alisema Kikuyu. Mchezaji aliyejificha mianzini atasikia mlinzi akimwonya mwenzake kwa lugha ambayo ofisa haielewi. Hapo maadui watatu wana akili tatu, kila mmoja na ujuzi wake na ujinga wake, na hesabu zilizotumika ni chache. Wakisema wote Kiingereza cha filamu za Marekani, utajiri huo wote umepotea.

Karatina, penye chuo kikuu kingine, si mbali na Nyeri. Sioni kizuizi cha wanafunzi wa lugha na wa kompyuta kuketi pamoja juu ya mradi mmoja. Nao walimu wa Kiswahili wa shule za upili wasingoje: wampe mwanafunzi wa mkondo wa sayansi zoezi la kuandika semi ishirini fupi za askari aliyepotea njia ukunguni, anayeogopa na hataki wenzake wajue.